Sauti za Kiingereza katika anime: Lawama zisimwangukie mwigizaji pekee

UBISHI usiokwisha miongoni mwa mashabiki wa anime, yaani filamu za katuni kutoka Japani, ni iwapo zinafaa kutazamwa kwa sauti za Kijapani huku tafsiri ikisomwa chini ya skrini, au kwa sauti za Kiingereza zilizoingizwa baadaye. Wanaoshikilia upande wa kwanza hudai kwamba sauti za Kiingereza hazina ladha: mtoto huongea kama mtu mzima, shujaa hupiga mayowe yasiyo na uchungu, na mazungumzo ya kawaida husikika kama tangazo linalosomwa redioni.

Lawama hizo zilikuwa na msingi wakati mmoja, na hata leo hazijakosa mashiko kabisa. Hata hivyo, aghalabu humwendea asiyestahili. Ubora wa sauti huamuliwa na mambo mengi kabla ya mwigizaji kufungua kinywa: mswada aliokabidhiwa, muda aliopewa na mwelekezi anayemsikiliza.

Kazi hii ina historia ndefu. Mnamo 1963, mtayarishaji Fred Ladd alisimamia toleo la Kiingereza la Astro Boy, kazi ya mchoraji mashuhuri Osamu Tezuka, lililoonyeshwa katika televisheni za Marekani. Miaka minne baadaye ikaja Speed Racer. Peter Fernandez aliandika mazungumzo ya Kiingereza, akawaelekeza waigizaji, na bado yeye mwenyewe akawa sauti ya shujaa na ya kakake shujaa huyo.

Kikosi cha waigizaji wanne ndicho kilichobeba takriban wahusika wote wa Speed Racer. Ili maneno yatoshe katika midomo iliyokwisha kuchorwa, walilazimika kuongea mbiombio, na mtindo huo ukageuka kuwa kichekesho kwa vizazi vilivyofuata. Waliocheka hawakujua ni kazi kiasi gani iliyokuwa mabegani mwa watu hao wachache.

Enzi hizo anime zilichukuliwa kuwa malighafi tu ya kujaza saa za watoto. Mwaka wa 1985, kampuni ya Harmony Gold, chini ya mtayarishaji Carl Macek, iliunganisha misururu mitatu isiyohusiana ikawa hadithi moja ya vipindi 85, Robotech. Sababu ilikuwa ya kibiashara: vituo vya televisheni vya Marekani vilitaka angalau vipindi 65 ili kuonyesha kimoja kila siku ya kazi.

Mwaka huo huo, filamu ya Hayao Miyazaki ya 1984, Nausicaä of the Valley of the Wind, ilikatwa zaidi ya dakika 20 na kubandikwa jina jipya, Warriors of the Wind. Mwigizaji aliyeitwa studioni kwa kazi kama hiyo hakuwa akimfasiri mhusika wa Miyazaki. Alipewa maneno ya hadithi nyingine, kisha akalaumiwa kwa kutofanana na ile ya awali.

Ili kuelewa ugumu wa kazi yenyewe, ni vyema kutazama jinsi inavyofanywa. Nchini Japani, waingiza sauti, ambao huitwa seiyuu, kwa desturi hukusanyika katika studio moja na kupokezana maikrofoni. Mmoja akicheka, mwenzake humsikia na kumjibu papo hapo. Janga la Covid-19 ndilo lililovuruga utaratibu huo kuanzia 2020.

Nchini Marekani, mwigizaji huingia peke yake katika kijumba kisichopenya kelele. Huvaa spika za masikioni, hukazia macho picha, husikia milio mitatu mifupi, na pale ambapo mlio wa nne ungesikika ndipo huanza kusema. Huenda anagombana na adui ambaye sauti yake itarekodiwa wiki ijayo. Mwenye picha kamili ya ugomvi huo ni mwelekezi, na akiwa mzembe au akiwa na haraka, watu wawili wataongea pasipo kusikizana.

Mswada nao una safari yake. Kwanza, mtafsiri huandika maana ya Kijapani kwa Kiingereza. Kisha mwandishi wa pili huyapima maneno hayo kwa midomo ya katuni: yaanze mdomo unapofunguka, yakome unapofungwa. Kwa kuwa michoro mingi ya Kijapani hutumia hali chache tu za mdomo, si lazima kila herufi ilingane na picha. Kinachopimwa hasa ni urefu wa sentensi na mahali pa kupumua.

Hapo ndipo tofauti za lugha hujitokeza. Kijapani huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, ilhali Kiingereza hukitanguliza. Habari ambayo Mjapani huificha hadi neno la mwisho, msemaji wa Kiingereza huwa ameshaitoa mapema, kisha uso wa msikilizaji katika picha hushtuka kwa kuchelewa. Mwandishi hodari huigeuza sentensi ili neno zito liangukie panapostahili. Mwandishi aliyebanwa na muda huiacha ilivyo.

Fauka ya hayo, kuna suala la adabu ya lugha. Mjapani husema 'mimi' kwa maneno kadhaa, yakiwemo watashi, boku na ore, na kila moja hudokeza jinsia, umri au majivuno ya msemaji. Kiingereza kina neno moja tu. Mtoto wa Kijapani humwita nduguye mkubwa oniisan. Katika Kiingereza aghalabu hulazimika kumtaja kwa jina. Heshima, kiburi na mapenzi yaliyopotea kwenye maandishi hayana budi kutafutwa upya katika sauti ya mwigizaji.

Mfano unaotajwa sana wa kazi iliyofaulu ni Cowboy Bebop, iliyotolewa Japani mwaka wa 1998 na kuanza kuonyeshwa kwa Kiingereza katika kituo cha Adult Swim mnamo Septemba 2001. Mary Elizabeth McGlynn aliwaelekeza waigizaji, naye Steve Blum akawa Spike, mwindaji wa wahalifu mwenye moyo uliochoka. Blum hakuinua sauti ovyo. Aliongea kwa uvivu wa mtu asiyeogopa kufa, na hivyo siku alipokasirika, mtazamaji alihisi uzito wake.

Hadithi yenyewe iliwafaa pia. Wahusika wa Cowboy Bebop ni mchanganyiko wa mataifa na mazingira yake yanafanana na filamu za kale za wapelelezi wa Marekani, kwa hivyo Kiingereza hakikusikika kama nguo ya kuazima. Hadithi ya shule ya Kijapani, yenye wakubwa, wadogo na salamu za kila ngazi, ni mtihani mgumu zaidi.

Wakati mwingine sauti nzuri inaweza kuwa sauti isiyofaa. Kampuni ya Disney ilipotoa Kiki's Delivery Service kwa Kiingereza mwaka wa 1998, paka aitwaye Jiji alipewa sauti ya mchekeshaji Phil Hartman, ambaye aliongeza mizaha mingi. Wengi walimpenda. Lakini katika filamu ya Kijapani, Jiji ni mpole, na kufikia mwisho Kiki hamsikii tena akiongea, ishara kwamba msichana huyo amekua. Toleo hilo la 1998 lilimpa paka maneno mwishoni, na maana hiyo ikafifia. Katika DVD ya 2010, baadhi ya nyongeza hizo ziliondolewa.

Nyongeza zote si haramu. Katika toleo la Kiingereza la Spirited Away la 2002, Chihiro hutamka kwamba jengo lililo mbele yake ni nyumba ya kuogea, jambo ambalo mtazamaji wa Kijapani hulisoma mwenyewe kwenye ukuta. Nyongeza hiyo humwelekeza mgeni njia. Ile ya paka ilimpeleka kwingine.

Katika Dragon Ball, sauti ya Goku nchini Japani imekuwa ya mwanamke, Masako Nozawa, tangu 1986, hata baada ya mhusika huyo kuwa baba wa watoto. Sauti hiyo humfanya Goku abaki na utoto ndani ya mwili wenye misuli. Katika Dragon Ball Z ya Kiingereza, kampuni ya Funimation ya Texas ilimchagua Sean Schemmel mwaka wa 1999, na Goku akawa jemadari mwenye sauti nzito. Walioanza na mmoja huona vigumu kumkubali wa pili, na hapo mazoea huchangia hukumu kuliko ustadi.

Leo vipaji na mitambo si haba. Kikwazo ni muda na malipo. Mwaka wa 2014, Space Dandy ilionyeshwa kwa Kiingereza Marekani siku moja kabla ya Japani, na tangu hapo watazamaji wamezoea kupata sauti za Kiingereza wiki chache tu baada ya kipindi kutoka. Waama, haraka haraka haina baraka: mwigizaji hurekodi kipindi cha tatu bila kujua kwamba mhusika wake atageuka msaliti katika cha kumi.

Kuhusu malipo, mnamo 2022 Kyle McCarley, sauti ya shujaa wa Mob Psycho 100, alitangaza kwamba hangetarajia kurejea katika msimu wa tatu, baada ya kampuni ya Crunchyroll kutokubali kuketi na chama cha waigizaji cha SAG-AFTRA kuhusu mikataba ya siku za usoni. Mwishoni mwa 2025, Amazon Prime Video nayo iliweka sauti za Kiingereza zilizoundwa kwa akili unde katika baadhi ya anime, ikiwemo Banana Fish. Malalamiko yalipozidi, sauti hizo ziliondolewa.

Suala hili linawahusu wasemaji wa Kiswahili pia. Mwaka wa 2011, tamthilia ya Kichina kuhusu binti aitwaye Doudou na mama wakwe zake ilionyeshwa na shirika la TBC nchini Tanzania ikiwa na sauti za Kiswahili, na kazi za aina hiyo zimeongezeka tangu wakati huo. Kwa anime, Kiswahili kina mtaji ambao Kiingereza hakina. Maneno yake huishia kwa irabu, kama yalivyo mengi ya Kijapani, na mtoto anayemwita nduguye 'kaka' au kumwamkia mzee 'shikamoo' hahitaji kutafutiwa njia ya kuonyesha heshima.

Mtaji huo utazaa faida iwapo mtafsiri atalipwa, mwandishi atapewa wiki badala ya siku, na mwelekezi atakuwa na idhini ya kusema sentensi irudiwe. Bila hayo, hata mwigizaji aliyebobea ataishia kusikika kama anayesoma tangazo.