Treni ya Umeme Hupata Wapi Nguvu Zake?

Reli iliyo karibu na watu wa Marani, katika vilima vya Kisii, ni ile ya Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901. Hata hivyo wako waliokwisha kusafiri kwa treni ya Madaraka kati ya Nairobi na Mombasa, iliyoanza kazi tarehe 31 Mei 2017, na hao husikia kwa mshangao habari za treni za Tanzania ziendazo kwa stima bila tone la mafuta. Wengine huuliza kama injini hizo huchajiwa usiku kama simu. La, hazichajiwi, wala hazibebi betri ya kuzivuta safarini.

Treni hizo zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, zikafika Dodoma tarehe 25 Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo huo. Injini zake 17 ziliundwa na kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa, ambapo ule wa treni ya abiria ya Madaraka ni 120. Safari ya Dodoma, ambayo kwa basi humaliza kutwa, treni ya haraka huimaliza kabla ya saa nne kutimia.

Siri ya jambo hili yaweza kufahamika sokoni, penye kinu cha posho. Kinu cha dizeli huja na injini yake, tangi lake na moshi wake. Kinu cha umeme ni mota tu, na nguvu zake zatoka mbali kwa njia ya waya. Basi jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba hata magurudumu ya treni ya Madaraka huzungushwa na mota za umeme. Injini yake ya dizeli kazi yake ni kuzalisha umeme huo humo ndani. Ni kama mtu abebaye mtambo wa stima mgongoni. Treni ya Tanzania imeutua mzigo huo, na mtambo wake umebaki mtoni.

Umeme hutoka katika gridi ya taifa, ambayo tangu mwaka 2024 hupata sehemu ya nguvu zake katika bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji. Hufikishwa kwenye waya ulio juu ya reli ukiwa na volti 25,000, yaani zaidi ya mara mia ya zile 240 za nyumbani. Juu ya paa la injini kuna mkono wa chuma uliokunjika kama goti, nao huusukuma waya huo kwa chini bila kuuachia. Panapogusana pamewekwa kaboni, kitu cha jamii ya makaa, ili kiliwe hicho na waya usalimike. Na waya wenyewe haukunyoshwa katikati ya njia. Huyumba kidogo kulia na kushoto kwa makusudi, ili usiikate kaboni mahali pamoja. Ndani ya injini mna transfoma, sawa na ile ya juu ya nguzo kijijini ila ni kubwa zaidi, ya kupunguza volti hizo kabla ya kufika kwenye mota. Kisha umeme hurudi ulikotoka kwa njia ya magurudumu na reli.

Faida huonekana hasa treni inapoondoka kituoni na inapopanda mlima, kwa maana injini haifungwi na uwezo wa mtambo iliobeba. Ikiteremka, mota zaweza kugeuzwa kuwa vizuizi, nazo zikizuia huzalisha umeme. India, iliyoanza na treni za umeme mjini Bombay tarehe 3 Februari 1925, leo huvuta treni zake za haraka za Rajdhani kwa volti hizo hizo 25,000.

Lakini aliyetegemea waya, waya ukipata dosari husimama. Mwaka 2024 Shirika la Reli Tanzania lilieleza kwamba hitilafu iliyochelewesha treni ilisababishwa na wanyama, bundi na ngedere. Watu walicheka, ijapokuwa kwa fundi wa umeme hilo si jambo la kuchekesha. Treni ya dizeli haimjui bundi.

Hatari iliyo kubwa ni ya wanadamu. Volti 25,000 huweza kuruka hewani, basi si lazima kuugusa waya. Mchungaji asiinue fimbo ndefu chini yake, wala mtu asipitishe bomba la chuma begani. Waya ulioanguka usikaribiwe hata ukionekana umekufa. Wenye reli wapewe habari. Na kijana apandaye juu ya paa la behewa lililosimama aweza kuuawa kabla mkono wake haujafika kwenye waya.