Manowari Bouvet na Umbo la Mtungi

Jioni ya leo tutazungumza juu ya manowari ya Kifaransa iliyoitwa Bouvet. Iliteremshwa majini mwaka 1896 katika bandari ya Lorient, nayo uzito wake ulikuwa tani 12,000 hivi.

Jahazi letu, kama mjuavyo, kadiri mbavu zake zinavyopanda ndivyo zinavyotanuka. Bouvet ilikuwa kinyume. Usawa wa maji ilikuwa pana, kisha mbavu zikainama kwa ndani, hata sitaha ikawa nyembamba. Fikirini mtungi: tumbo pana, shingo nyembamba.

Msidhani mafundi wale walikuwa wajinga. Sitaha nyembamba hupunguza uzito wa juu, na uzito wa juu ndio adui wa kila chombo. Tena palikuwa na mizinga mikubwa minne: mmoja mbele, mmoja nyuma, na mmoja kila ubavu. Kwa kuwa mbavu ziliinama, ile ya ubavuni iliweza kupiga mbele na nyuma bila kuzuiwa. Na ukanda wa chuma cha pua kwenye usawa wa maji ulifika unene wa milimita 400.

Basi hatari ilikuwa wapi? Jahazi likilala upande, ubavu uliotanuka huingia majini, na maji hulisukuma lirudi wima. Bouvet ikilala sana, ubavu ulioingia majini ni ule uliokwisha kupungua. Nguvu ya kuirudisha ikawa haba.

Tarehe 18 Machi 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Kiingereza na za Kifaransa ziliingia mlango wa bahari wa Dardanelles, Uturuki, ili kuzipiga ngome na kufungua njia ya Istanbul. Siku kumi kabla, usiku, meli ndogo ya Kituruki, Nusret, ilikuwa imetega mabomu 26 chini ya maji, wala adui hawakujua. Bouvet ilipokuwa ikigeuka kurudi, iligonga moja. Kwa muda wa dakika mbili hivi ikapinduka na kuzama. Watu zaidi ya 600 walikufa. Waliookolewa hawakufika 80.

Sisemi umbo peke yake ndilo lililowaua, maana maji yaliingia kwa kasi mno. Lakini siku ile ile manowari mbili za Kiingereza, Irresistible na Ocean, zisizokuwa na umbo la mtungi, zilipatwa mahali pale pale. Nazo zilizama, ila zilielea saa kadhaa kwanza, na mabaharia wao wengi wakapata kuhamishwa.