Uzima wa Kope Kabla ya Kubandika za Bandia

Wakati wa kiangazi vumbi hutanda juu ya barabara na mashamba ya pamba ya Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Kope ni miongoni mwa kinga za jicho dhidi ya vumbi hilo. Hata hivyo, urembo wa kuzirefusha kwa kugundisha nywele za bandia umeenea nchini, hata mwezi Septemba 2018 Spika wa Bunge, Job Ndugai, alipiga marufuku wabunge kuingia bungeni wakiwa wamebandika kope.

Mwaka 2015 watafiti wa Georgia Institute of Technology, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya kupima kope za mamalia wa aina 22. Urefu wake ulikaribia theluthi moja ya upana wa jicho. Kope za kadiri hiyo hutuliza hewa iliyo mbele ya jicho; hivyo machozi hayakauki upesi na vumbi halitui kwa wingi. Zikizidi hapo, huelekeza hewa jichoni. Kwa hiyo kope ndefu mno hupunguza kinga badala ya kuiongeza.

Kila ukope huota, hupumzika, hudondoka, kisha mwingine huchipua mahali pake. Hukua karibu milimita moja kwa juma. Kudondoka kwa kope chache si ugonjwa. Lakini ukope mchanga ukibebeshwa wa bandia ulio mzito huweza kung'oka kabla ya wakati wake, na kung'oka mara kwa mara huharibu mzizi.

Uchunguzi hufanywa kwenye mwanga wa kutosha, kwa mikono safi, baada ya kuondoa wanja. Mambo manne yaangaliwe:

Kwanza, ukingo wa kigubiko cha jicho. Wekundu, magamba au utandu kwenye mashina ya kope ni dalili ya uvimbe wa ukingo huo. Uvimbe wenye usaha huweza kuwa chokea.

Pili, mapengo. Kope zinazopukutika huweza kuashiria maradhi ya tezi la shingo, ukoma, au mazoea ya kuzivuta.

Tatu, mwelekeo. Kope zilizopinda kuelekea ndani hukwaruza mboni. Hiyo ni athari ya ugonjwa wa vikope, ambao umewapofusha watu wengi katika sehemu kavu za Tanzania, kama vile Kongwa. Kuzing'oa huleta nafuu ya muda tu. Tiba yake ni upasuaji wa kigubiko.

Nne, gundi. Nyingi hutengenezwa kwa sianoakrilati, ambayo mvuke wake huwasha macho. Aliyewahi kuvimba au kuwashwa kwa sababu ya gundi hiyo asiitumie tena.

Ikionekana dalili yoyote kati ya hizo, kubandika kuahirishwe na mhusika aende hospitali. Kope za bandia zikishawekwa, huficha dalili hizo na kuzuia usafi wa ukingo, na ugonjwa ambao ungetibiwa mapema huendelea bila kuonekana.