Mfungwa Naye Ana Haki ya Kuelezwa

Jioni moja hapa Bulla Pesa, mjini Isiolo, mama mmoja jirani yangu alinijia na swali lililoninyima usingizi. Mwanawe anatumikia kifungo katika gereza moja humu nchini. Kwa miezi kadhaa kijana huyo alikuwa miongoni mwa wafungwa wanaoaminiwa kufanya kazi ya shamba, nje ya ukuta. Ghafla alirudishwa ndani. Alipouliza sababu, akajibiwa kuwa hiyo ni amri. "Mwalimu," mama akaniuliza, "kwani amri haina sababu?"

Wako watakaosema kwamba mhalifu hana haki ya kuuliza. Mimi sikubaliani nao. Hukumu humnyima mtu uhuru wake. Haimnyimi utu wake. Kifungu cha 51 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 chasema kwamba aliyezuiliwa hubaki na haki zake, isipokuwa zile zisizoweza kuambatana na kuzuiliwa kwake. Kifungu cha 47 nacho chataka uamuzi wa kiutawala uwe halali, wa busara na uliofikiwa kwa njia ya haki. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza kifungu hicho yamruhusu aliyeathiriwa kudai sababu, na hata kwenda mahakamani ili uamuzi uchunguzwe.

Huko Uingereza yako magereza ya wazi, ambamo mfungwa anayekaribia kuachiliwa huzoeshwa tena maisha ya uraiani. Mwaka 2013, Osborn na wafungwa wenzake wawili walifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo wakilalamika kwamba bodi inayohusika na kuachiliwa na kuhamishwa kwa wafungwa ilikataa kuwasikiliza ana kwa ana. Walishinda. Mahakama ilieleza kuwa haki ya kusikilizwa haipimwi kwa kukisia iwapo mfungwa atafaulu katika ombi lake. Kumsikiliza mtu husaidia kufikia uamuzi bora, na pia humheshimu yule ambaye maisha yake yanaamuliwa.

Najua kwamba mkuu wa gereza ana mzigo mzito, na usalama wa raia, hasa wa wale waliodhulumiwa, si jambo la mzaha. Lakini jaji hadai kushika funguo za gereza. Yeye huitazama njia iliyofuatwa: je, sheria ilizingatiwa? Je, mhusika alisikilizwa?

Walimu wenzangu, jambo hili twalijua darasani. Mwanafunzi aadhibiwaye bila kuelezwa kosa lake hajifunzi nidhamu; hujifunza chuki. Nanyi wanafunzi, mkumbuke hayo siku mtakapokabidhiwa madaraka.

Usiku ule nilimsaidia yule mama kuandika barua ya kuomba sababu kwa maandishi. Hatukuomba kijana afunguliwe. Tuliomba jibu tu, na jibu hilo tungali tunalingoja.