Kwa nini nywele ghali za binadamu huharibika upesi, na jinsi ya kuzirejeshea mikunjo

WANAWAKE wengi wa Thika na Ruiru wanaovaa nywele za binadamu zenye mikunjo wanaijua vyema hali hii. Siku ya kwanza nywele hung'aa na kuteleza kama hariri. Baada ya kuoshwa mara tatu au nne, hukauka kama katani, husokotana kisogoni, na ile mikunjo iliyowavutia dukani hugeuka kichaka. Hapo ndipo lawama huanza. Muuzaji hulaumu maji, msusi humlaumu muuzaji, naye mwenye nywele, ambaye huenda alizilipia pesa zinazozidi kodi ya chumba chake ya mwezi mzima, huzitia kwenye mfuko wa plastiki na kupanda matatu hadi barabara ya Dubois jijini Nairobi kutafuta nyingine.

Aghalabu hapakuwa na haja ya kuzitupa. Hata hivyo, kuna nywele ambazo hakuna msusi awezaye kuziokoa, kwa kuwa ziliharibiwa kabla hazijafika dukani. Kutofautisha hali hizi mbili ndilo jambo la kwanza, kabla mtu hajatumia hata shilingi moja kwa shampuu, kondishona au malipo ya kufufuliwa wigi.

Unywele wa binadamu umeundwa kwa keratini, protini ile ile iliyomo katika kucha na kwato. Kwa nje umefunikwa kwa magamba madogo mno yanayopandana kama mabati ya paa, yote yakielekea upande wa ncha. Unywele ungali kichwani hupata mafuta kutoka kwa ngozi. Ukishakatwa, ugavi huo hukoma milele, na kuanzia siku hiyo unyevu wowote utakaoupata ni ule utakaotiwa na mwenyewe. Nywele zilizonyooka hustahimili ukame huo kwa muda mrefu zaidi. Zenye mikunjo hazistahimili, maadamu kila kona ya unywele ni mahali ambapo magamba huinuka na kunasa unywele wa jirani.

Nyingi ya nywele hizo hutoka Asia. Katika hekalu la Tirumala nchini India, mahujaji hunyolewa kama sadaka na nywele zao huuzwa kwa mnada. Viwanda vya China, hasa vya mji wa Xuchang katika mkoa wa Henan, hununua nywele kutoka pembe mbalimbali, huzipanga, huzitia rangi na kuzisambaza duniani. Mikunjo mingi inayouzwa Kenya haikuota kichwani mwa mtu. Nywele zilizonyooka huzungushwa kwenye vijiti na kupigwa mvuke hadi zikubali umbo jipya. Ndiyo maana mikunjo hiyo hulegea kadiri siku zinavyosonga, na kulegea kidogo si ushahidi kwamba mteja amelaghaiwa.

Ulaghai uko kwingine. Nywele zilizokatwa kutoka kichwa kimoja na kufungwa pamoja, mizizi upande mmoja na ncha upande mwingine, magamba yake hutazama upande mmoja. Zilizookotwa sakafuni mwa saluni au kwenye vitana huchanganyika, baadhi zikiwa juu chini, na magamba yake hukwaruzana. Ili kuficha kasoro hiyo, viwanda huzitumbukiza katika tindikali inayoyang'oa magamba, kisha huzipaka silikoni ili ziteleze na kung'aa. Silikoni ndiyo mteja anayoishika dukani. Ikishaoshwa, hubaki unywele uliochunwa ngozi.

Kuna jaribio rahisi ambalo halihitaji kifaa. Shika nywele chache zilizokwisha kuoshwa, uzipitishe kati ya vidole viwili kutoka mzizini hadi nchani, kisha urudi kinyume. Zikiteleza kwa kwenda chini na kukwaruza kidogo kwa kurudi juu, magamba yake yangalipo, na nywele hizo zina matumaini. Zikikwaruza pande zote mbili, zimechanganywa. Zikiwa kavu na nyororo pande zote, hali zinasokotana kila zinapoloa, yamkini hazina magamba tena. Fauka ya hayo, nyuzi mbili tatu zilizoanguka zaweza kuchomwa kwa kiberiti: unywele wa mtu hunuka kama manyoya ya kuku yanayobabuliwa na kuacha jivu linalosagika, ilhali wa plastiki huyeyuka na kufanya kitone kigumu.

Tofauti hiyo ya plastiki na unywele halisi ndiyo chanzo cha kosa moja kubwa. Kwa miaka mingi wasusi wa Kenya wamekuwa wakichovya ncha za nywele bandia katika maji yanayotokota ili zitulie, na kwa plastiki wanafanya sawa kabisa, kwani plastiki hushika umbo inapopata joto na kupoa. Kwa mazoea, baadhi ya watu huchovya nywele za binadamu vivyo hivyo. Matokeo ni magamba kuinuka, mikunjo ya kiwandani kulegea na rangi kuvuja. Kuhusu dawa ya kulainishia nguo, ambayo wengi huitumia kulowekea wigi, haiko mbali sana na kondishona katika jinsi inavyofanya kazi, lakini haikutengenezwa kukaa juu ya ngozi ya kichwa, na manukato yake yaweza kuwasha.

Kazi ya kufufua huanza nywele zikiwa kavu. Zifumbuliwe kwa vidole kwanza, kisha kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia nchani na kupanda polepole kuelekea mshono. Anayeanza juu hukusanya mafundo yote na kuyashusha mahali pamoja, kisha huyang'oa kwa nguvu. Nywele zikisha kufumbuka, zioshwe katika beseni la maji vuguvugu kwa shampuu inayosafisha kwa kina, ili mabaki ya mafuta, jeli na vumbi yatoke. Zisifikichwe kama soksi. Mikono ishuke kutoka juu kwenda chini tu.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua kila kitu, nayo huwashinda wengi kwa sababu ya haraka. Kondishona nzito ipakwe kwa wingi, nywele zichanuliwe zikiwa nayo, kisha zifunikwe kwa karatasi ya plastiki na kuachwa mahali penye joto kwa nusu saa hivi. Zikisuuzwa baadaye kwa maji baridi, vijiko viwili vya siki katika lita moja ya maji vitasaidia magamba kulala, kwa kuwa unywele hupenda uchachu kidogo, nayo sabuni huuondoa. Siki isiyochanganywa na maji ni kali mno.

Mikunjo yenyewe hurejeshwa nywele zikiwa bado na maji. Sababu ni hii: umbo la unywele hushikiliwa na vifungo vya aina mbili. Vile dhaifu hukatika unapoloa na kujifunga upya unapokauka, ukishika umbo lolote ulilomo wakati huo. Vile vya salfa havikatiki kwa maji, bali kwa dawa kali. Kwa hivyo fungu dogo la nywele mbichi likizungushwa kwenye rola, au hata kwenye kidole na kubanwa kwa kibanio, litakauka likiwa limejikunja. Kinyume chake, anayezichana zikiwa zimeshakauka huitawanya mikunjo yote aliyoitafuta. Pasi ya nywele nayo itumike kwa nadra; joto likikaribia nyuzi 200, keratini yenyewe huanza kuharibika, na hapo hakuna kondishona itakayosaidia.

Suala la maji lina uzito wake katika miji hii. Bwawa la Ndakaini lililokamilika 1994 haliko mbali na Thika, lakini maji yake huenda Nairobi, sawa na yale ya bwawa la Ruiru. Katika mitaa mingi ya Ruiru, maji ya mfereji hutoka kwa zamu, na wakazi hutegemea visima virefu na mitungi ya wachuuzi. Iwapo maji ya kisima yana chokaa nyingi, sabuni haitoi povu vizuri, na madini hubaki kwenye nywele kama utando mkavu. Si lazima kuosha kwa maji ya chupa. Yatosha kuweka akiba ya maji ya mvua, ambayo hayana madini hayo, kwa ajili ya suuza ya mwisho.

Kuna na baridi. Kati ya Juni na Agosti, mawingu hufunika Thika na Ruiru siku nyingi, na wigi lililooshwa asubuhi laweza kulala likiwa bichi. Likiwa juu ya stendi, hilo si tatizo kubwa. Lakini nywele zilizoshonewa kichwani juu ya mistari iliyosukwa huacha ngozi na unyevu kwa saa nyingi, harufu hujitokeza na kuvu hupata makao. Anayeosha nywele zilizoshonwa katika msimu huo hana budi kukausha mistari ya chini kwa mashine ya saluni, kwa joto la wastani. Vilevile, mistari isiyofumuliwa kwa zaidi ya wiki 6 hadi 8, hasa ikiwa imekazwa penye paji la uso, huvuta mizizi hadi nywele za mwenyewe zinakoma kuota. Nywele za kununua zaweza kununuliwa tena. Za kipaji zikishakufa mizizi, hazirudi.

Nywele zilizochunwa magamba hazifufuliki kwa maana halisi. Silikoni kidogo itazifanya ziteleze kwa siku chache, na kukata inchi kadhaa za ncha zilizopasuka kutaziongezea miezi, zikiwa fupi. Anayeahidiwa kwamba zitarudi kuwa mpya, na atozwe pesa nyingi kwa ahadi hiyo, ni heri aziweke pesa hizo kando.

Mswada wa Fedha wa 2023 ulipendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa wigi na bidhaa za aina yake, na hoja hiyo ikazua kelele nyingi. Jambo ambalo halikuzungumziwa sana ni kama nywele zinazouzwa kwa jina la binadamu ni za binadamu kweli. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo. Kwa hivyo risiti inapasa kuandikwa "nywele za binadamu", wala si "nywele" tu, na ihifadhiwe angalau hadi zitakapooshwa mara ya tatu.