Nani Aliwateua Majaji Hawa?

Mwishoni mwa Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu katika kesi ya mirathi iliyotoka Pwani. Majaji waliamua kwamba watoto wa marehemu Muislamu waliozaliwa nje ya ndoa wana haki ya kurithi mali ya baba yao. Kwa siku kadhaa, barazani na baada ya swala, mazungumzo yalikuwa hayo tu, na swali moja likawa linarudi kila mara: nani aliwateua majaji hawa?

Swali liliulizwa kwa hasira, na aliyeuliza hakungoja jibu. Sisi tunaliona kuwa ni swali la kweli, kwani kesi za ndoa, talaka na mirathi zinazoanza mbele ya Kadhi zaweza kupanda kwa rufaa hadi Mahakama Kuu, na nyingine mwisho wake hufika kwa majaji saba wa mahakama hiyo ya Nairobi. Juu ya hukumu yenyewe hatufichi: kwa tulivyosomeshwa fiqhi, hatukubaliani nayo, na wanazuoni wetu wana haki ya kuijibu kwa hoja. Ila wako waliokwenda mbali zaidi, wakasema kwamba lau Rais angekuwa na mkono wa kuchagua majaji apendavyo, tungemwendea tukamweleza, na mambo yangekuwa mengine. Hapo ndipo tunapoachana nao.

Mkono huo Rais alikuwa nao. Kabla ya Katiba ya 2010, yeye ndiye aliyemteua Jaji Mkuu, na majaji wengine walipendekezwa na tume ambayo wajumbe wake wote walitokana na uteuzi wake. Mwaka 1988 Katiba ilibadilishwa na majaji wakaondolewa kinga ya kazi zao. Kinga ile haikurudi hadi 1990. Kwa muda huo, jaji aliyesikiliza kesi dhidi ya serikali alijua kwamba mmoja wa wagombanao mbele yake ndiye mwenye ufunguo wa ofisi yake. Wanahistoria wetu wanasimulia kwamba Imam Abu Hanifa aliukataa ukadhi aliopewa na Khalifa al-Mansur, akatiwa gerezani Baghdad kwa sababu hiyo. Si kila mtu ana kifua cha Abu Hanifa. Kwa hiyo haifai kuutegemea ushujaa wa jaji peke yake. Lazima sheria imkinge.

Katiba mpya ilipopita, mtihani wake ulikuja upesi. Januari 2011, Rais Mwai Kibaki alitangaza jina la Alnashir Visram, jaji wa Mahakama ya Rufaa, awe Jaji Mkuu. Waziri Mkuu Raila Odinga akasema hakukuwa na maafikiano. Tume ya Huduma za Mahakama ikasema jina hilo halikutoka kwake. Mahakama Kuu ikaamua kwamba uteuzi umekwenda kinyume cha Katiba, na mwezi wa Februari Rais akauondoa. Wasomaji waitazame vizuri kesi hii. Mgogoro haukuwa juu ya elimu ya Jaji Visram wala tabia yake. Ulikuwa juu ya mlango aliopitishwa. Mtu mwema aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma angebaki akidaiwa fadhila na aliyemfungulia, hata kama mwenyewe hakuiomba.

Tume ikaitangaza nafasi ile kama kazi nyingine yoyote, waombaji wakahojiwa hadharani na nchi nzima ikitazama. Willy Mutunga aliulizwa hata juu ya hereni aliyovaa sikioni. Akapendekezwa, Bunge likamwidhinisha, na Juni 2011 akawa Jaji Mkuu. Naibu wake, Nancy Baraza, alipita njia hiyo hiyo, lakini mwaka uliofuata alijiuzulu baada ya jopo kuuchunguza ugomvi wake na mlinzi wa duka kubwa jijini Nairobi. Kinga ya jaji haikuwa ruhusa ya kumnyanyasa mlinzi wa mlangoni.

Tusidhani kwamba siasa imetolewa kabisa. Katika tume yenye wajumbe 11, Mwanasheria Mkuu wa Serikali yumo, na wawakilishi wawili wa wananchi huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge. Kuna na mlango mwingine, wa kutotia saini. Septemba 2017 Mahakama ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa Rais Uhuru Kenyatta, naye akawaita majaji wakora mbele ya umati. Miaka miwili baadaye tume ilimpelekea majina ya watu takriban 40 wawe majaji wa mahakama mbalimbali. Katiba inamtaka awateue kama walivyopendekezwa. Hakuwateua. Mahakama Kuu ikasema anakosea, naye akanyamaza hadi Juni 2021, ndipo akateua 34 na kuwaacha sita. Wawili kati ya hao, George Odunga na Joel Ngugi, walikuwa wametoka tu kukaa katika jopo la Mahakama Kuu lililousimamisha mpango wake wa kubadilisha Katiba. Sita hao waliapishwa Septemba 2022, baada ya William Ruto kushika madaraka. Ajuaye jambo hili hatashangaa kwa nini tunasita kumwomba Rais yeyote atuchagulie majaji, hata awe rafiki wa misikiti.

Turudi kwetu, Waislamu. Mei 2010, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuziweka Mahakama za Kadhi ndani ya Katiba kunapingana na misingi ya nchi isiyo na dini rasmi. Uamuzi huo ulituuma sana, tena miezi michache tu kabla ya kura ya maoni. Mmoja wa majaji hao alikuwa Mathew Anyara Emukule. Miaka mitano ikapita. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilizitaja MUHURI na Haki Africa katika orodha ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Wengi wakati huo waliogopa hata kuzisemea. Mashirika hayo yakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na jaji aliyeamuru mwaka huo huo akaunti zifunguliwe alikuwa Emukule yule yule.

Lau mwaka 2010 tungekuwa na uwezo wa kumng'oa, tungemng'oa. Na serikali iliyotaka akaunti zile zibaki zimefungwa ingefurahi mno kuukuta uwezo huo umeshatengenezwa.

Kinachobaki mikononi mwetu ni kazi ya polepole. Tume inapotangaza majina ya waombaji, hualika wananchi kuandika lolote wanalolijua juu yao, na kamati ya msikiti ni wananchi pia. Ama viti vyenyewe, Katiba inamtaka jaji wa Mahakama ya Juu awe na uzoefu wa sheria usiopungua miaka 15. Mzazi mwenye binti anayemaliza shule na anayependa sheria na ahesabu: miaka minne ya chuo kikuu, mwaka na zaidi wa mafunzo ya uwakili, kisha miaka hiyo 15. Siku atakapoketi mbele ya tume ataulizwa maswali magumu nchi nzima ikisikiliza, na majirani zake wataruhusiwa kuandika barua juu yake, ya kumsifu au ya kumkataa.