"Umeokoka?": swali moja, majibu tofauti

Ukivuka mpaka Busia, au Malaba wilayani Tororo, huenda ukaulizwa: "Umeokoka?" Kwa Mkatoliki, kuzaliwa upya hutokea katika ubatizo, hata wa mtoto mchanga. Kwa Mpentekoste, ni mtu mwenyewe kutubu na kumpokea Yesu. Ubatizo wa maji mengi hufuata. Waanglikana hubatiza watoto, lakini wengi waliguswa na uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Nchini Uganda wafuasi wake huitwa Balokole, yaani waliookoka.

Wote husoma Yohana sura ya 3. Jibu ni lako. Msaada wa kibinadamu haupaswi kutolewa kwa kigezo cha dini. Ukiambiwa uokoke kwanza ndipo usaidiwe, toa taarifa UNHCR.